Gari Lililokataa Satini

Haya nimesimuliwa na mkwe wangu wiki hii hii, siku aliyoniletea gauni langu alilolipunguza mabega. Alianza kusimulia huku pini ziko mdomoni, nikamwambia, mwanangu, toa kwanza hizo pini, usije ukameza moja kabla hujafika mwisho. Akazitoa, akakaa chini, na gauni likabaki bega moja juu bega moja chini mpaka alipomaliza hadithi yake.

Mkwe wangu ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi. Mumewe, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, anaendesha lori la mizigo, yale ya kwenda mbali mpaka mtu anasahau mlango wa kwake hulia vipi. Huyo ni Dereva. Watoto wao ni watatu. Mkubwa ni msichana, wamempa jina la Mkaguzi, kwa sababu tangu alipoanza kusema hakuna kitu kinachopita mbele yake bila kuulizwa maswali. Wa pili ni wa kiume. Mimi humwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, lakini kwao anaitwa Bwana Mdogo. Wa mwisho ni Kitinda, huyo bado anaongea na viatu vyake na kuvisubiri vijibu.

Sasa, nyumba ya Fundi ina sheria moja isiyokuwa na rufaa. Dereva huondoka jioni, apate kuendesha usiku barabara ikiwa imepoa. Basi siku ya safari, chakula cha mchana kikishaliwa, nyumba nzima inalala. Si Dereva peke yake, wote. Cherehani inafunikwa, redio inazimwa, na hata mteja akigonga anaambiwa kupitia dirishani arudi baadaye. Sheria hiyo haikudondoka tu kutoka darini. Kuna safari moja Dereva aliondoka hajalala, alikuwa amekaa na rafiki zake wakipiga soga mchana kutwa, na lori likaingia majanini yeye akiwa kwenye usukani, macho wazi, akili imelala. Hakuumia mtu. Lakini aliporudi, Fundi aliziona nyasi zimenasa kwenye bampa. Akazichomoa moja moja kwa mkono wake bila kusema neno, na alipomaliza akasema neno lenyewe: "Asiyelala haendi."

Siku hii basi ilikuwa siku ya safari, tena safari ndefu. Na ndiyo asubuhi ambayo Dereva aliichagua kufungua boksi.

"Haya, njooni!" alipiga kelele kutoka sebuleni. "Njooni muone baba yenu amewaletea nini!"

Sebule hiyo ndiyo chumba cha kushonea vilevile. Upande mmoja cherehani na meza ya kukatia, upande wa pili viti, na katikati sakafu ya saruji nyeusi iliyosuguliwa mpaka inateleza. Dereva alikuwa amepiga magoti hapo katikati, boksi mbele yake, na juu ya boksi picha ya gari dogo lenye macho mawili chini ya pua.

"Gari la kujiundia wenyewe," alisema, na sauti yake ilikuwa inaruka kama ya mtoto. "Vipande vyote vimo humu. Tukishaliunda, linajiendesha lenyewe! Unalichorea mstari mweusi chini, linaufuata. Mstari ukikata kona, nalo linakata kona. Hakuna usukani, hakuna rimoti, hakuna mtu!"

Bwana Mdogo alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya boksi mpaka kwenye kiwiko. Kitinda alikuwa akilionyesha boksi kiatu chake cha kushoto. Mkaguzi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Baba, si unaondoka leo?"

"Naondoka jioni."

"Tiara uliianza, ukaondoka. Banda la njiwa uliweka paa, ukaondoka. Mpaka leo halina kuta. Njiwa wanakaa pale kama abiria wanaosubiri basi."

Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, mguu juu ya pedeli. Alicheka kwa ndani, kisha akamtazama mumewe na kicheko kikamkauka. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni kwa Dereva, lakini machoni lilikuwa limeshahama.

"Leo tunamaliza," alisema Dereva. "Kabla ya chakula cha mchana. Mtaliona linakwenda."

"Na tusipomaliza?"

"Tutamaliza."

Fundi akaingiza uzi kwenye sindano, hesabu ameshaipiga. Lisipokwisha kabla ya chakula, yatakuwa mawili. Ama mumewe atalala kama sheria inavyotaka, na Mkaguzi aongeze kazi nyingine ya nusu kwenye kazi za nusu alizonazo, akae nazo mwezi mzima hadi baba yake arudi. Ama mumewe hatalala, atang'ang'ania gari la watoto kisha apande lori la watu wazima macho yakiwa mazito. Hili na lile, yote mawili hakuyataka.

Mkaguzi akaingia, akachukua karatasi ya maelekezo, akaisoma juu mpaka chini huku wengine wakimsubiri. Dereva akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Weka," akasema Mkaguzi. "Leo wewe si dereva. Wewe utingo."

Utingo ni yule msaidizi wa lori, wa kuweka gogo nyuma ya tairi na kuangalia turubai. Dereva akacheka mpaka akakaa chini. "Haya bosi. Utingo yuko tayari. Nishike nini?"

"Shika hii. Usitingishe. Bwana Mdogo, bisibisi. Kitinda, wewe ni stoo. Skrubu zote unatunza wewe, na usizile."

"Siyo chakula," Kitinda alisema kwa kuudhika, akazimimina skrubu zote ndani ya kiatu.

Kazi ikaanza. Kwanza ubao wa plastiki ulio wazi kama kioo, ndio chasisi. Kisha mota mbili za rangi ya manjano, moja kila upande, zinafungwa kwa skrubu ndefu na nati ndogo ambazo vidole vya Dereva vilikuwa vinene mno kuzishika. "Nimefunga nati za gurudumu kubwa kama meza ya kulia," alilalamika, "leo nashindwa na kitu kidogo kuliko mbegu ya pilipili!" Kisha matairi ya mpira, yakaingia kwa kusukumwa, yakasema *tak*. Mbele kikawekwa kigurudumu cha kuzunguka kila upande. Juu kisanduku cha betri, kando yake bodi yenye matundu mengi, na chini ya pua yale macho mawili, kila jicho na nyaya zake na taa yake ndogo.

Fundi alikuwa anashona mkono wa shati. Baada ya muda akagundua kwamba ameshona mkono mmoja mara mbili na wa pili bado uko mezani. Akafumua, akajivuta kwenye kiti mpaka akawa anaona vizuri.

"Nyekundu hapa," Mkaguzi anasoma, "nyeusi hapa."

"Nyekundu hapa," utingo anaitikia.

"Hapo siyo, Baba! Ng'ambo!"

"Ng'ambo, bosi!"

Walipowasha mara ya kwanza gari lilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Kitinda akapiga makofi, akadhani ndiyo mwisho wenyewe. Mkaguzi akainama, akatazama, akachomoa nyaya mbili za mota ya kulia akazibadilishana, na gari likanyooka moja kwa moja likaenda kugonga mguu wa cherehani.

"Linakwenda!" Bwana Mdogo aliruka. "Mama, umeona? Limekugonga!"

"Nimeona! Leseni linayo?"

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi nyeupe iliyochapwa mstari mweusi mfupi, wa kujaribia. Wakalitambaza gari juu yake. Jicho likiwa juu ya weupe, taa yake inawaka. Likipita juu ya mstari mweusi, taa inazimika, na tairi la upande huo linasita. Gari likaenda nesenese, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayetembea juu ya ukuta, likaufuata mstari mpaka karatasi ikaisha. Dereva alipiga mbinja. Hata Mkaguzi aliuma mdomo ili asicheke mapema.

"Sasa barabara," Dereva akasema. "Barabara ya kweli. Hiyo karatasi ni uchochoro."

Sakafu ilikuwa nyeusi yenyewe, gari lisingeona mstari hapo. Fundi akainuka. Alitoa kabatini shuka jeupe jipya la mteja? Hapana, alitaka kulichukua hilo, akajizuia, akachukua la kwake, ambalo lina thamani kwake kuliko la mteja. Akalipiga pasi, akalitandaza sakafuni, akalivuta pembe kwa pembe mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma, kila pembe akaiwekea kitu kizito.

"Na mstari?" aliuliza Bwana Mdogo. "Baba, si una ile tepu nyeusi ya umeme?"

"Ninayo. Iko kwenye lori."

"Na lori?"

"Liko yadi." Dereva akasimama. "Nakimbia dukani, sasa hivi nimerudi."

"Wewe?" Fundi akamzuia mlangoni. "Ukipita gereji wanakuita, ukiitwa unakaa, ukikaa hurudi. Kaa hapa. Mnataka cheusi? Mmefika kwa mwenyewe."

Akafungua droo yake ya chini, ile asiyoifungulia kila mtu, akatoa utepe wa satini mweusi. Ulikuwa mzuri huo, mweusi hadi unang'aa, ule wa kupamba magauni ya watu wanaolipa bila kuuliza. Wakaubandika juu ya shuka kwa gundi ya kitambaa. Dereva ndiye aliyepima njia, na hapo alikuwa hana mpinzani. Hapa mteremko, hapa daraja, hapa kona ya kupunguza mwendo, hapa mzunguko. "Na hapa," alisema akionyesha karibu na mguu wa kiti, "ndipo huwa wanakusimamisha."

"Wanataka nini?" akauliza Kitinda.

"Wanataka kunisalimia tu, mwanangu. Wananipenda sana."

Gari likawekwa mwanzo wa barabara. Wote wakalala kifudifudi, mashavu kwenye sakafu. Mkaguzi akawasha.

Gari likaenda moja kwa moja, likauvuka utepe, likatoka nje ya shuka, likaingia chini ya kiti.

Wote wakainua vichwa.

"Halikuona," akasema Bwana Mdogo.

Wakalirudisha. Likaukanyaga utepe tena kama vile haupo. Mara ya tatu Dereva akalishika juu ya utepe kwa mkono, macho ya gari juu ya satini kabisa. Taa zote mbili zikabaki zinawaka, zinacheka.

"Macho yameharibika," alisema, akaanza kutafuta bisibisi.

"Hayajaharibika." Mkaguzi akaingiza ile karatasi chini ya gari. Taa zikazimika. Akaitoa, akairudisha satini. Zikawaka. "Kwenye karatasi yanaona. Tatizo ni utepe. Baba, gari linasema huu siyo mweusi."

Fundi alisimama. Hapo, alivyoniambia, damu ilimpanda kichwani kwa mzaha na kwa kweli.

"Siyo nini?"

"Siyo mweusi, Mama."

"Mimi nimeshika vitambaa tangu sijaolewa na baba yako. Nyeusi ya kijivu naijua, nyeusi ya buluu naijua, nyeusi inayochuja naijua kwa kuinusa. Leo kikopo cha betri kinaniambia satini yangu siyo nyeusi?"

"Liambie wewe mwenyewe," Dereva akasema, "mimi utingo."

Ndipo vita vikaanza. Fundi alileta kitambaa cha suruali, kizito, cheusi kama chungu. Taa zikawaka. Alileta bitana. Zikawaka. Bwana Mdogo akakimbia akarudi na mwavuli, wakaufungua humo humo ndani, gari likawekwa juu yake. Zikawaka! Soksi ya Dereva, zikawaka, na Kitinda akasema ni kwa sababu inanuka. Mkoba wa shule. Sketi ya Mkaguzi. Kila mmoja alikuwa anakimbia chumbani na kurudi, "Jaribu hii!" "Ngoja, hii hapa!" "Hii ni nyeusi kabisa, hii haiwezi kukataa!" na gari likikataa wanapiga yowe wote pamoja, na jirani akauliza kupitia dirishani kama kuna mpira.

"Macho yake yanatoa mwanga wa namna yake," Mkaguzi alisoma, kidole kwenye karatasi, "mwanga sisi hatuuoni. Ukigonga kitu cheupe unarudi, ukigonga cheusi unamezwa."

"Kwa hiyo vitambaa vya mama yako vinaurudisha," alisema Dereva. "Kwa macho yetu vyeusi, kwa macho yake vyeupe."

"Basi ana matatizo yake," Fundi akasema. Ila alikuwa hana hasira tena. Alikuwa ameshalishika gari mwenyewe, analigeuza, analichungulia machoni kama anayetaka kumjua mtu vizuri.

Na hapo harufu ikamfikia. Chakula! Akalitua gari, akakimbia nyuma. Siku hiyo alikuwa hana mkaa, amepikia mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, na mbao zile zilikuwa zimefuka moshi asubuhi yote. Chakula kilikuwa kimewahiwa, hakijaungua. Akalitazama jua uani. Mchana ulikuwa umefika. Saa ya kulala ilikuwa imefika, na gari halikuwa na barabara.

Alibeba sufuria kubwa kwa matambara mawili, akarudi sebuleni. Mlangoni akamsikia Dereva akisema kwa sauti ya chini:

"Msimwambie mama yenu. Leo sitalala. Tutamaliza, mimi nitasinzia kidogo huko huko njiani."

Na akaisikia sauti ya Mkaguzi, ndogo kuliko alivyoizoea: "Kweli, Baba?"

Fundi akaziona tena machoni zile nyasi za bampa. Akaingia kama upepo, akaitua sufuria katikati ya chumba kwa kishindo.

"Njiani wapi? Majanini? Mnakula, analala. Basi! Gari litamsubiri."

"Mama, bado kidogo tu!"

"Nimesema."

Mkaguzi alikuwa ameinamisha uso. "Nilijua," alisema, siyo kwa Mama, siyo kwa Baba. Dereva alitazama mikono yake mikubwa.

Kisha Bwana Mdogo akasema, "Mama. Shuka."

Sufuria ilikuwa juu ya shuka jeupe. Fundi akapiga kelele, akainyanyua haraka, na chini yake kulikuwa na duara la masizi. Kitako cha sufuria kilikuwa kimebonyea katikati kwa uzee, kwa hiyo ukingo tu ndio uliogusa: pete nyeusi, nene kama kidole, imejichora juu ya shuka lake lenye thamani kuliko la mteja.

"Shuka langu! Ya Rabi, shuka langu!"

Kitinda hakuona cha kulilia. Aliona mviringo. Akalitambaza gari juu ya ile pete, pua ndani, akalibonyeza kitufe kama alivyomwona dada yake.

Taa moja ikazimika.

Tairi likasita, gari likapinda. Taa ikawaka, ya pili ikazimika, likajirekebisha. Nesenese, nesenese, likaanza kuzunguka juu ya pete ya masizi, likafika lilipoanzia, likaendelea.

"Baba!" Mkaguzi alikuwa amesimama juu ya kiti, haijulikani amepandaje. "Baba, linaona! Linaona masizi!"

Wote wakaanguka chini. Likazunguka tena. Dereva alikuwa anaipiga sakafu kwa kiganja, Bwana Mdogo anampiga Dereva mgongoni, na Fundi amesimama na sufuria mkononi, nzito, imemwagika kidogo kwenye kanga, na mwenyewe hana habari.

"Masizi yanameza mwanga," Mkaguzi alisema. "Mama, sufuria yako ndiyo nyeusi kuliko vyote ulivyonavyo!"

Sasa wote wakamgeukia yeye. Macho ya watoto, macho ya mumewe. Wakati ulikuwa umepita, sheria ilikuwa yake, na hakuna aliyethubutu kuomba. Ndipo mkwe wangu akafanya jambo ambalo, alisema, hakulipanga hata kidogo. Akaitua sufuria juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki.

"Mnakula kwa mkono mmoja," alisema. "Kwa mkono wa pili mnafanya kazi. Chakula kikiisha, barabara iwe imekwisha. Baba watoto, wewe ukitafuna tonge la mwisho unalala, hata kama gari liko katikati ya daraja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi mkubwa!"

"Basi tafuna polepole."

Kelele za hapo sitaki hata kujaribu kuziandika. Utepe wa satini ulibanduliwa kwa mkupuo mmoja. Fundi akachukua rula yake ya kupinda, ile ya kuchorea kwapa na shingo, akachora barabara kwa chaki. Kona zote ambazo satini ilikuwa imekunjamana, yeye alizichora zikalala laini. "Hii ni kwapa ya shati," alikuwa anasema, "hii shingo ya gauni, hii nyonga. Gari linalopita kwenye nyonga yangu halipinduki!" Bwana Mdogo na Kitinda wakakwangua masizi kwenye kila sufuria ya nyumba kwa vijiko. Mkaguzi akayakoroga na wanga wa nguo, ule mwembamba wa kukazia kola, mpaka yakawa kama rangi. Fundi akazungusha kitambaa kwenye kijiti akachora, mkono haumtetemeki, mstari mmoja mzito, huku Dereva anamlisha tonge kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mbona wewe hutafuni?" akamuuliza mumewe.

"Natafuna polepole. Si umesema?"

"Maji maji bado!" akalalamika Bwana Mdogo. "Haitakauka!"

Fundi akatandaza magazeti juu ya barabara mbichi, akashika pasi, akaipitisha, polepole, mbele nyuma. Mvuke ukapanda. Dereva akashindwa kujizuia. "Jamani, mama yenu anashindilia lami! Simameni pembeni, mtambo unapita!" Watoto wakavunjika mbavu. Gazeti lilipobanduliwa, barabara ilikuwa kavu, nyeusi, haing'ai hata kidogo.

Dereva akainua tonge la mwisho juu wote walione. Halafu akalishikilia hapo, nje ya mdomo.

Mkaguzi akalitua gari, akawasha.

Likashika. Likapita mteremko, likapita daraja. Kwenye kwapa ya shati likapinda hadi Bwana Mdogo akafumba macho, likatoka upande wa pili mzima mzima. Likaingia shingo ya gauni, likazunguka, likakata nyonga. Karibu na mguu wa kiti Kitinda akanyoosha mkono kulisimamisha, "Habari za safari?" likamgonga kidole likapita bila kumjibu. Mzunguko. Kona. Na hilo hapo, limerudi lilipoanzia, linaanza tena!

Mkaguzi hakupiga kelele. Alimrukia baba yake shingoni, wakaanguka wote wawili, na tonge likaenda asikokujua mtu.

"Umemaliza," alimwambia sikioni, na Fundi alisikia. "Baba, umemaliza kitu!"

"Tumemaliza, bosi."

"Sasa lala."

Hakuamini Fundi. Maneno yake yalikuwa yametoka kwenye mdomo wa mtoto. Mkaguzi mwenyewe alivuta godoro la chumbani, akaliweka kando ya shuka, akamtandikia. "Lala hapa hapa. Mimi naendesha, wewe abiria."

Fundi akafunga dirisha nusu, akafunika cherehani, akatega kengele ya simu. Alikuwa na hofu moja bado, kwamba mtu aliyecheka namna ile hawezi kusinzia. Dereva alilala chali, macho kwenye dari, anacheka peke yake. Gari likapita karibu na sikio lake, mota zake zinavuma, ule mvumo mdogo wa sawasawa. Likaenda, likarudi. Likaenda. Mara ya kwanza akasema, "Gia safi." Mara ya pili akasema nusu ya neno. Likirudi tena, alikuwa anakoroma.

Fundi akashika moyo wake kwa mkono wenye masizi.

Kitinda alifuata, kichwa juu ya mguu wa baba yake, kiatu kimoja ndani ya kwapa. Bwana Mdogo alikuwa ameapa kwamba halali, akaapa tena, na kiapo cha tatu hakikufika mwisho. Mkaguzi alibaki kifudifudi, kidevu mikononi, analifuata gari kwa macho.

"Nizime, Mama?"

"Nitazima mimi. Lala."

"Utaweza? Kitufe kiko nyuma."

"Mkaguzi."

"Haya, Mama." Akageukia upande wa baba yake, akapitisha mkono juu ya kifua chake kinachopanda na kushuka, na pumzi yake ikanyooka.

Fundi akajilaza sakafuni ili afikie kile kitufe. Gari lilikuwa linaingia kwenye nyonga. Akasema liishe kwanza hiyo nyonga ndipo alizime. Likaimaliza, vizuri kabisa, halikutetereka. Akasema basi, na shingo ya gauni. Likapita shingo. Saruji ilikuwa baridi, nzuri, shavuni mwake. Likaja kwenye kwapa ya shati, na hapo alitaka kuona ni taa ipi inayozimika kwanza, ya kushoto au ya kulia, kwa hiyo akasubiri lirudi tena. Likarudi. Akanyoosha kidole kukifikia kitufe, gari likapita chini ya kidole, polepole, likienda zake, na kidole kikabaki hapo hapo juu ya shuka, kimelala, na mwenyewe naye.